Meza ya Dadu: Goblini wa zamani na goblini wa sasa

Barua za mwezi huu zimekuja na swali moja kwa sura nyingi. Visa vya zamani vya Dungeons & Dragons na ndugu zake (michezo ya mezani ya kuigiza wahusika na kutupa dadu) vinachapwa upya kwa kanuni mpya, na wasomaji wanataka kujua washike lipi. Nimechagua barua nne.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Dada yangu aliyeko Texas amenitumia *Into the Borderlands*, kitabu kizito chenye kisa cha *The Keep on the Borderlands* mara mbili: kwanza kama kilivyochapwa zamani, kisha kimegeuzwa kwa kanuni za toleo la tano. Nimekichezesha kwa kanuni mpya na vijana sita wa klabu. Wanapigana pango hadi pango, na baada ya saa tatu wanapiga miayo. Ninyi wa zamani mnakiita johari. Johari iko wapi? — J. M., Morogoro

Marahaba, mwalimu. Johari ipo, ila ilidondoka njiani wakati kisa kinahama kanuni, na kosa si lako. Yamenikuta mimi pia hapa St. Paul, Minnesota. Ilikuwa Jumapili ya Januari, theluji imefunika magari nje. Wachezaji wangu ni watano: wapwa zangu wawili, nesi mmoja wa Kisumu, na jirani yangu wa Bukavu na mkewe. Waliua magoblini, vile vijitu viovu vya ngano, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, wakavaa makoti, wakaaga. Hakuna aliyeuliza tutaendelea lini. Iliniuma sana, maana kisa hicho ndicho kilichonifundisha mchezo huu mwaka 1996, kwenye zamu ya usiku, tukingoja mikate iive kiwandani.

Chukua karatasi tupige hesabu. Katika kanuni za sanduku la Basic, zile rahisi za wanaoanza, ambazo Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa mchezo huu, alikiandikia kisa hiki mwishoni mwa miaka ya 1970, goblini akiuawa analeta pointi 5 za uzoefu. Sarafu moja ya dhahabu ikifikishwa salama ngomeni, makao ya wachezaji, inaleta pointi 1. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 ili apande daraja la pili. Kwa upanga peke yake, hao ni magoblini 400. Sasa fungua kanuni za toleo la tano, za 2014: goblini ni pointi 50, daraja la pili ni pointi 300, na dhahabu haina pointi hata moja. Magoblini sita, mtu kapanda.

Umeona? Ramani ni ile ile na pango ni lile lile, lakini kanuni za zamani zinamwambia mchezaji apite kimyakimya, abebe, akimbie, na hizi za sasa zinamwambia aue. Vijana wako wanafanya walichoambiwa. Na kuua kwenyewe kumekuwa kurefu. Goblini wa zamani alipewa pointi za uhai kwa dadu la pande 8 ukitoa 1, kwa hiyo kwa wastani alikuwa na tatu au nne. Huyu wa 2014 ana 7, na namba yake ya kinga, ile ya kupima ugumu wa kumpiga, ni 15. Zidisha kwa pango zima, miayo utaipata.

Gygax hakuweka mapango yale ili yafagiliwe moja baada ya jingine. Kila kabila lina pango lake, wanachukiana, na kisa chenyewe kinamshauri mwongozaji wa mchezo awaachie wachezaji wagundue uhasama huo na kuutumia. Bila sababu ya kukwepa vita, hakuna atakayejisumbua kugundua.

Nilichofanya ni hiki. Namba za mapigano za toleo la tano niliziacha zilivyo, nikarudisha pointi za dhahabu, pointi 5 za goblini na ngazi ya 2,000. Nikarudisha pia dadu mbili za pande sita za kupima mapokezi: kabla kiumbe hajachomoa silaha, unatupa kwanza kuona anawapokeaje wageni. Hizo zimo katika kanuni za Basic za 1981, na toleo la tano halikuzibeba hivyo.

Magoblini wa kisa hiki wana jirani, zimwi. Wakizidiwa wanapiga kelele "Bree-Yark!" na kumrushia mfuko wa sarafu 250 za dhahabu kupitia mlango wa siri. Kwa malipo hayo zimwi anakuja kuwapigania. Na kwenye orodha ya tetesi 20 ambazo wachezaji wanaweza kuzisikia ngomeni, iko moja ya uongo isemayo kwamba neno hilo maana yake ni "tunasalimu amri". Nesi wetu alikuwa ameisikia hiyo tetesi. Magoblini walipopiga kelele, akashusha upinde na kuwaambia wenzake washushe. Zimwi akatokea, na mhusika wa mpwa wangu mdogo akafia pale pale.

Kimya. Kisha jirani yangu wa Bukavu akauliza: "Ule mfuko umepita wapi?"

Mfuko ule una thamani ya magoblini 50. Jumapili iliyofuata walirudi na mbuzi wa kuchoma wakamwita zimwi kwa heshima kutoka nje ya pango lake. Nilitupa dadu za mapokezi mbele yao, zikatoa 10, namba nzuri. Zimwi akakaa akala, wakazungumza naye nusu saa nzima kuhusu magoblini wanavyochelewesha malipo. Mke wa jirani yangu, ambaye huwa hasemi zaidi ya maneno kumi kwa mchezo mmoja, ndiye aliyefanya biashara yote. Saa moja usiku nililazimika kuwafukuza.

Kwa hiyo, mwalimu, soma kwanza kurasa za zamani kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu uweke mezani zile mpya kwa ajili ya namba. Jambo la mwisho: katika kisa cha 1979 watu wa ngomeni hawana majina, wana vyeo tu. Wachapaji wengi wa baadaye waliona hilo ni pengo la kuzibwa. Mimi nawaachia wachezaji watoe majina wenyewe, na yule koplo wa getini kwetu ni Koplo Mwinyi hadi leo. Nakushukuru kwa kuwafundisha vijana mchezo huu. Asiye na ndugu wa Texas anaweza kuanza na sanduku la *Heroes of the Borderlands* la 2025, ambalo limejengwa juu ya kisa hiki hiki kwa kanuni zilizorekebishwa 2024.

Namba ya kinga 4 kwenye kisa cha zamani ni ngapi leo? — Fundi simu, Kigoma

Zamani kinga bora ilikuwa namba ndogo. Tangu toleo la tatu, mwaka 2000, kubwa ndiyo bora. Kisa kikiwa cha Basic, itoe kwenye 19, upate 15. Kikiwa cha Advanced, ndugu mkubwa wa Basic, toleo la kwanza, itoe kwenye 20, upate 16. Tofauti hiyo inatokana na mtu asiyevaa chochote cha vita: kule alihesabiwa 9, huku 10.

Asalaam aleikum. Mwanangu wa miaka 14 anaomba *Curse of Strahd*. Naambiwa kuna la 2016 na lililorekebishwa 2020, na kwamba ndani yake mna mwanamke anayepiga ramli kwa karata. Sisi Wazanzibari, tunaishi Muscat, na kwetu ramli si jambo la mchezo. Unanishauri nini? — Mama wa watatu

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na ramli, maana najua uzito wake. Nimelelewa Tanga.

Kisa hiki kilizaliwa mwaka 1983 kwa jina la *Ravenloft*, kijitabu cha kurasa 32 cha Tracy na Laura Hickman, mume na mke. Ni habari za Strahd, bwana mnyonya damu, na ngome yake. Hickman hawa walitaka kisa kiweze kuchezwa tena na tena bila kujulikana, wakatumia karata za kawaida kabisa: zinachanganywa, zinafunuliwa, na zinaamua upanga umefichwa chumba gani, kitabu kiko wapi, na Strahd mwenyewe anatafuta nini safari hii. Kazi yake ni ile ile ya dadu. Mwongozaji akitaka anaweza kupanga mahali pa kila kitu mwenyewe nyumbani kwake, asifunue karata hata moja, na kisa hakitapungukiwa. Kama nyumba yako haitaki karata, basi zisiwepo. Hilo halihitaji kuombwa radhi.

Mimi ningekuwa wewe, ningetazama zaidi sura ya 6. Kuna mabibi wachawi wanaoishi kwenye kinu cha zamani, wanauza maandazi, na unga wa maandazi hayo umechanganywa na watoto wa kijijini. Isome wewe kwanza. Kijana wa miaka 14 anaweza kuistahimili akiwa na mtu mzima mezani, lakini nisingemwachia peke yake na wenzake usiku.

Sasa matoleo. Nunua lililochapwa baada ya marekebisho ya 2020. Kuna watu wanaoitwa Vistani katika kisa hiki, wasafiri wa magari ya farasi, walioandikwa kwa kuiga picha ambayo Ulaya imekuwa ikiwachora Waroma (jamii ya wasafiri wa Ulaya, si Warumi) kwa karne nyingi: ulevi, uvivu, hila. Marekebisho ya 2020 yalipunguza hayo. Yalimgusa pia Ezmerelda, mwindaji mwenye mguu wa bandia, ambaye awali aliandikwa kana kwamba mguu ule ni aibu ya kufichwa. Wapo wapenzi wa mchezo wanaosema cha zamani kisiguswe hata herufi. Mimi nimetetea kanuni za zamani hapo juu kwa moyo wangu wote, lakini hapa siko nao. Pointi za dhahabu zilikuwa na kazi mezani. Kusingizia kabila zima wizi hakujawahi kumsaidia mchezaji yeyote kufanya chochote.

Mzee, pole na kazi. Nimesikia kuna kisa cha zamani ambacho wachezaji wanafika hadi Nairobi. Ni kweli? Ninunue toleo gani? — Mwanafunzi, Nairobi

Ni kweli, kijana wangu. Kinaitwa *Masks of Nyarlathotep*, cha mchezo wa Call of Cthulhu, kazi ya Larry DiTillio na Lynn Willis, mwaka 1984. Hakina majoka. Ni vitisho vya miaka ya 1920, na wachezaji wanafuata nyayo za msafara wa matajiri wa New York uliosemekana kuuawa Kenya. Njia inapita London, Cairo, Kenya na Shanghai. Australia iliongezwa baadaye, na toleo la 2018, lenye majuzuu mawili makubwa, limeongeza utangulizi wa Peru mwaka 1921, ambao unawapa wachezaji nafasi ya kumjua na kumpenda mtu ambaye kisa kizima kinamzunguka. Huo peke yake unatosha kukufanya ununue la 2018. Ni marekebisho bora kuliko yote niliyowahi kuyashika.

Usiutafute Mlima wa Upepo Mweusi wa kisa hiki kwenye ramani ya Kenya, haupo. Lakini Nairobi ipo, na wewe unaijua kuliko mwandishi yeyote wa Marekani. Wachezaji wanapofika ni 1925. Imepita miaka mitatu tu tangu Machi 1922, Harry Thuku, mpinga ukoloni, alipokamatwa na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi alimofungwa. Wanaume Waafrika wanatembea na kipande, kitambulisho cha lazima cha wakoloni, kwenye kikebe kilichoning'inizwa shingoni. Yaweke hayo mezani. Zungumza na wazee wa kwenu kabla hujaongoza sura hiyo.

Kwetu, nesi wa Kisumu alikataa kuendelea na mhusika wake wa New York tulipofika Mombasa. Akaomba mpya: karani wa reli, mwanamume wa miaka 25, Kiswahili safi, Kiingereza cha kutosha. Wale wageni wengine wanne walikaa Nairobi siku tano za mchezo wakiuliza maswali hotelini bila kupata kitu. Karani alipata jibu jioni ya kwanza, kwa mpishi.