Gari la umeme kwa mpenda usukani: majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Nina Subaru ya gia za mkono, na raha yangu ni kuipeleka Tukuyu Jumamosi alfajiri kabla malori hayajajaa barabarani. Nikinunua gari la umeme, si nitakuwa kama abiria tu? (Msomaji, Uyole)

Kama raha yako iko kwenye klachi na mkono wa kushoto, gari la umeme halitakupa raha hiyo, na sitaki kukudanganya. Karibu yote yana gia moja tu. Porsche Taycan, yenye gia mbili kwenye ekseli ya nyuma, ni mojawapo ya machache yaliyo tofauti, na Hyundai Ioniq 5 N huigiza ubadilishaji wa gia kwa programu na spika, jambo ambalo kwangu ni sawa na kula ugali kwa harufu ya nyama ya jirani.

Lakini kama raha yako iko kwenye kona na mwinuko, usikate shauri bado. Rafiki yangu aliniachia usukani wa Nissan Leaf yake tukitokea hapo hapo Uyole kupanda Isyonje. Tulikuwa nyuma ya lori la viazi lililokuwa likitambaa. Barabara ilipofunguka nilikanyaga mafuta (neno tunaloendelea kulitumia hata pasipo mafuta), na gari likaondoka papo hapo, bila ile nusu sekunde ya kutafuta gia ya chini, kwa sababu mota ya umeme hutoa msukumo wake mkubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Betri imelazwa chini ya sakafu, hivyo gari halilali sana kwenye kona. Uzito wake, hata hivyo, unausikia pale unapochelewa kushika breki: matairi ya mbele huanza kulalamika mapema kuliko ulivyozoea.

Fundi wangu anasema gari la petroli huku juu linakosa pumzi. Je, la umeme? (Msomaji, Iringa mjini)

Fundi wako yuko sahihi. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Hapa Mbeya, kwenye mita kama 1,700, tayari sehemu ya sita ya nguvu uliyoilipia imekwisha kupotea. Mota ya umeme haivuti hewa ili iunguze kitu, kwa hiyo haipungukiwi. Ndiyo maana mwaka 2018 Romain Dumas, akiendesha gari la umeme la Volkswagen ID. R, aliupanda mlima wa Pikes Peak nchini Marekani, wenye kilele cha mita 4,302, kwa dakika 7 na sekunde 57.148, akawa wa kwanza kumaliza mbio hizo chini ya dakika 8.

Kitonga nashuka kwa gia ndogo ili breki zisiungue. Gari lisilo na gia nitalishushaje? (Msomaji, Ilula)

Ukiachia pedali, mota hugeuka kuwa jenereta, ikalishika gari na kurudisha umeme kwenye betri. Gari la kilo 1,600 likishuka mita 1,000 huachia takriban uniti 4 na nusu za nishati, za aina ile ile unayonunua kwa LUKU, na sehemu kubwa ya hizo inaweza kurudi. Tahadhari ni moja, na wengi hawaambiwi: betri iliyojaa pomoni haina pa kuweka umeme huo, hivyo gari halitajishika, na kazi yote itaangukia breki za kawaida. Anayelala juu ya mteremko asichaji hadi mwisho.

Na mvua za Rungwe? (Msomaji, Kiwira)

Mvua si tatizo, kwani betri na mota vimezibwa. Mto uliofurika usiuvuke, kwa gari lolote.

Nimeona Leaf ya mtumba ya bei nafuu. Naweza kuifanya gari langu pekee, niende nayo hadi Dar es Salaam? (Msomaji, Mafinga)

Hapana. Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24 ilipokuwa mpya, na gari la namna hiyo hutumia uniti 15 hadi 18 kwa kilomita 100, wakati safari yako inazidi kilomita 500. Kuijaza tena kwa soketi ya nyumbani ni kazi ya usiku mzima. Baridi ya Juni nayo hupunguza umbali zaidi. Iwe gari la pili, la kwenda kazini na kufaidi kona za karibu, itakufaa sana. Kabla ya kulipa, washa gari na utazame vistari vidogo pembeni mwa kipimo cha betri: betri nzima huonyesha 12. Vikiwa 8 au pungufu, liache hapo hapo yadi, hata kama rangi inang'aa.