Maswali yenu: Polisi kakusimamisha kwa ulichofanya au kwa ulivyo?

Barua za polisi wa barabarani zimekuwa nyingi mwezi huu, nimechukua nne zinazoingiliana. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana zile nyingine zote zinaegemea hapo.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama, tunaishi Columbus, Ohio, tulitokea Kongo tukapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kijana wangu ana miaka 19 anaendesha gari ya baba yake kwenda kazini usiku. Juzi kasimamishwa tena, polisi anamwambia taa ya nyuma moja haiwaki, sawa, lakini baada ya hapo ni maswali, gari ya nani, umetoka wapi, kwenye buti kuna nini, naweza kuangalia? Mtoto akakubali kwa woga, wakasachi mpaka chini ya viti, hawakupata kitu wakampa onyo akaenda. Yeye anasema ni ubaguzi basi. Baba yake anasema polisi wana profaili ya wauza madawa na wanafanya kazi yao. Wamegombana hawasemezani. Nani mkweli?

JIBU: Pole sana mama, na mpe pole kijana. Baba yake yuko sahihi kwamba profaili ipo na mahakama za huko zinaikubali, ila kwa hicho kilichompata mtoto wenu barabarani mimi niko upande wa kijana, na nitakwambia kwa nini.

Profaili ya kweli ni orodha ya mambo ambayo mtu KAFANYA. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua keisi ya jamaa anaitwa Sokolow. Huyu alinunua tiketi mbili za ndege kwa dola 2,100 keshi, anachomoa noti za ishirini ishirini kwenye bunda, akatoka Honolulu kwenda Miami, safari ya masaa kama 20 kwenda na kurudi, akakaa huko masaa 48 tu akageuza, mwezi wa saba wenyewe, hakukabidhi begi hata moja kwenye mizigo, na jina alilosafiria halikulingana na jina la mwenye namba ya simu aliyoiacha. Maafisa wakamzuia uwanja wa ndege, mwisho wakakuta kokeini zaidi ya kilo moja. Mahakama ikasema jambo moja moja linaweza kuwa la kawaida, ukiyajumlisha yote unapata shaka yenye msingi, yaani shaka inayotosha kumzuia mtu kwa muda. Angalia hiyo orodha mama, hakuna mahali imeandikwa rangi ya mtu wala lafudhi yake.

Lakini jaji Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi kwenye mahakama ile, alikataa, na alichoandika ndo kinanigusa mpaka leo. Alikusanya keisi za nyuma akaonyesha kwamba maafisa walishawahi kumshuku mtu sababu kashuka kwenye ndege akiwa wa kwanza, mwingine sababu kashuka wa mwisho, mwingine kashuka katikati. Huyu ana tiketi ya kwenda tu, yule ana ya kwenda na kurudi. Huyu hana begi, yule ana mabegi mapya. Huyu ana wasiwasi, yule katulia mno. Sasa orodha ikifika hapo inamkamata kila mtu, manake haichagui tena yenyewe, anayechagua ni afisa kwa macho yake, na macho yanaenda kwa yule ambaye afisa alikuwa anamtilia shaka tangu mwanzo hata kabla hajatenda lolote. Hapo hakuna profaili tena, hapo ni kumhukumu mtu kwa sura na kuvaa koti la utaalamu juu yake.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Chukua sababu alizotoa polisi, ondoa rangi, ondoa jina, lafudhi, nguo, mtaa anaotoka, halafu uliza kimebaki nini? Kwa kijana wenu kwenye KUSIMAMISHWA kimebaki kitu, taa haiwaki. Na mwaka 1996 kwenye keisi ya Whren ile mahakama ilisema kosa la barabarani likiwa la kweli basi kusimamisha ni halali hata kama moyoni polisi alikuwa anatafuta kitu kingine. Mimi uamuzi huo siupendi hata kidogo, maana ni nani anaendesha siku nzima bila kosa dogo, ila ndo sheria. Sasa njoo kwenye KUPEKULIWA. Taa mbovu inahusiana nini na buti? Kijana hakunuka bangi, hakujichanganya kwenye maelezo, hakuficha kitu chini ya kiti, wewe mwenyewe hujaandika chochote cha aina hiyo. Ondoa ujana wake na weusi wake hapo, hakibaki kitu cha kuelezea yale maswali.

Na hili si la mtoto wenu peke yake. Mwaka 1992 mwanasheria mmoja mweusi, Robert Wilkins, alikuwa anarudi Washington na ndugu zake kutoka kumzika babu yao Chicago, wakasimamishwa Maryland kwa spidi. Polisi akataka kupekua gari, Wilkins akakataa na akamtajia sheria, wakawekwa pale wanangoja mbwa wa kunusa, wakasimamishwa nje kwenye mvua mbwa akizunguka gari. Hakikupatikana kitu. Alipokwenda mahakamani ikajitokeza karatasi ya ndani ya polisi inayowaelekeza askari wawaangalie watu weusi kwenye habari za kokeini. Imeandikwa kabisa. Yule Wilkins leo ni jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho.

Kuhusu kukubali: mlango aliopitia polisi ulikuwa ni ile "ndiyo" ya mtoto. Na kuna keisi ya hapo hapo Ohio, ya Robinette, mwaka 1996 pia, dereva kasimamishwa kwa spidi barabara ya I-70, kapewa onyo, karudishiwa leseni, halafu polisi anamwambia swali moja kabla hujaenda, una kitu chochote haramu kwenye gari? Kisha akaomba kusachi na dereva akakubali. Mahakama ya Juu ikasema polisi halazimiki kumwambia mtu "sasa uko huru kuondoka" kabla ya kuomba. Yaani asiyejua kwamba anaweza kuondoka hataambiwa, na mgeni ndo anaumia zaidi maana kule alikotoka askari hakuombi, anakuamuru. Namna ya kukataa nimeieleza kwenye barua ya mwisho, isomeni wote watatu. Na baba mwambie kwa upole mtoto hajamtukana polisi yeyote, kasema kilichompata, amsikilize.

SWALI: Mimi ni askari mstaafu, nimefanya trafiki Tanzania miaka mingi. Nyinyi waandishi mnatulaumu tu. Askari akikaa barabarani muda mrefu anajua, akimwona mtu anajua huyu ana jambo. Mkisema tusitumie uzoefu tutamkamata nani?

JIBU: Shikamoo afande. Uzoefu siupingi, mtu akiniambia anaweza kujua gari limebeba zaidi ya kinachoonekana kwa jinsi springi za nyuma zilivyolala, au bolti za bodi zina mikwaruzo mipya, au dereva anasema katoka Tunduma na karatasi za mzigo zinasema Tanga, huyo namwamini na namvulia kofia. Hayo ni mambo unaweza kuyaandika kwenye ripoti na mwenzako akayasoma akakuelewa. Lakini "nikimwona tu najua" huwezi kuiandika, na kisichoandikika hakipimwi.

Kibaya zaidi kichwa cha binadamu kinakumbuka siku ulizopatia. Wale wengi uliowapekua ukawakuta hawana kitu wanasahaulika jioni ileile, ila wao hawakusahau. Maryland, baada ya ile kesi ya Wilkins, polisi walilazimishwa kuandika kila upekuzi. Barabara ya I-95 madereva weusi walikuwa kama asilimia 17, kwenye waliopekuliwa wakazidi asilimia 70. Sasa sikiliza hapa afande, walipohesabu ni wangapi walikutwa na kitu, weusi na weupe walikuwa karibu sawa kabisa! Kama uzoefu ule ungekuwa uzoefu kweli, waliochaguliwa kwa wingi vile wangekutwa na vitu zaidi. New York nako mwaka 2011 polisi walisimamisha watu wanaotembea kwa miguu mara zaidi ya laki sita na themanini elfu kwa mwaka mmoja, na karibu tisa katika kila kumi waliachiwa bila faini wala kukamatwa. Mwaka 2013 jaji akasema jinsi ilivyofanywa ilivunja katiba.

Na kuna kipimo kingine kizuri sana. Watafiti wa Stanford walichukua rekodi za magari karibu milioni 100 yaliyosimamishwa na polisi Marekani, wakatoa majibu mwaka 2020. Walilinganisha saa ileile ya jioni katika miezi ambayo bado kuna mwanga na miezi ambayo giza limeshaingia, sababu gizani polisi haoni vizuri nani yuko kwenye usukani. Giza likiingia sehemu ya weusi kati ya wanaosimamishwa inapungua. Barabara ni ileile na saa ni ileile, kilichobadilika ni kwamba uso hauonekani. Nakuomba afande ulifikirie hilo kwa nafasi yako, sikuandikii kwa ugomvi.

SWALI: Mnaongelea Marekani wakati sisi Wasomali wa Kenya tunaishi na hili kila siku. Niko Isili (Eastleigh, Nairobi), nimezaliwa hapa, baba kazaliwa hapa. Matatu ikisimamishwa naambiwa shuka, wengine wanabaki. Hiyo nayo ni profaili?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Huko ni kukuchagua kwa kabila, na una haki ya kukasirika. Anayetafutwa kwa sura yake ya kueleweka, urefu kadhaa, shati la rangi fulani, kakimbilia njia fulani dakika kumi zilizopita, huyo ni mshukiwa. "Msomali" si maelezo ya mshukiwa, ni maelezo ya mamilioni ya watu.

Aprili 2014, baada ya milipuko iliyoua watu Isili mwishoni mwa Machi, serikali ikaanzisha operesheni ya Usalama Watch. Watu karibu 4,000 walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa, wakiwemo wenye vipande halali vya Kenya mfukoni. Wakazi walisema waziwazi kwamba ukiwa na pesa unaachiwa njiani, ndipo ule msemo wa kwamba Msomali ni ATM ya polisi ulipozidi kusikika. Hebu fikiria kwa upande wa usalama tu, gaidi mwenye pesa ataachiwa, mama muuza nguo asiye na pesa analala ndani. Nani amelindwa hapo?

Katiba ya 2010 iko upande wako. Kifungu cha 27 kinakataza serikali kumbagua mtu kwa kabila, dini, lugha, na hata MAVAZI, kwa hiyo hijabu na kanzu haziwezi kuwa sababu. Kifungu cha 31 kinalinda mwili wako, nyumba na mali yako zisipekuliwe ovyo, na cha 49 kinasema ukikamatwa uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini ndani ya masaa 24. Malalamiko yapeleke IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia polisi wa Kenya, chukua namba ya askari, namba ya matatu na majina ya abiria walioona. Najua wengi mmechoka kulalamika, naelewa, lakini bila maandishi kila mmoja wenu anaonekana ni kisa kimoja.

SWALI: Nimefika Louisville, Kentucky, mwaka jana nimepata leseni. Kwetu polisi akikusimamisha unashuka unamfuata umsalimie. Hapa wananiambia usishuke. Na akitaka kusachi nikimkatalia si nitapigwa?

JIBU: Usishuke kaka, hili nalisema kwa uzito wote. Aprili 2022 huko Grand Rapids, Michigan, Patrick Lyoya, kijana wa Kikongo wa miaka 26, alisimamishwa sababu namba ya gari haikulingana na gari. Video inaonyesha alishuka, polisi akamwambia rudi ndani, wakaongea, ikawa purukushani, mwisho akapigwa risasi kichwani akiwa kalala kifudifudi. Polisi alishtakiwa, 2025 wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana na mwendesha mashtaka akaamua asirudie kesi. Simlaumu marehemu hata kidogo, kushuka si kosa la kufia. Nakwambia tu askari wengi kule wamefundishwa kuona dereva anayeshuka ni hatari, na kwetu kushuka ni adabu.

Kwa hiyo paki pembeni, zima injini, usiku washa taa ya ndani, shusha kioo, mikono juu ya usukani. Leseni na bima ziko wapi mwambie KABLA hujapeleka mkono kwenye dashibodi. Akikuamuru wewe au abiria mshuke, shukeni, sheria inamruhusu. Kama kweli ana shaka una silaha anaweza kukupapasa juu ya nguo. Ila akiuliza "naweza kuangalia ndani?" hilo ni ombi, jibu kwa Kiingereza chepesi na sauti ya kawaida kwamba hukubali gari lipekuliwe, kisha uliza kama uko huru kuondoka. Kukataa peke yake si ushahidi wa kosa. Akipekua kwa nguvu usimzuie kwa mkono wala mwili, rudia tu kwamba hukukubali, hayo mengine ni ya wakili. Na tangu 2015, keisi ya Rodriguez, haruhusiwi kukushikilia zaidi ya muda wa kumaliza shughuli ya kosa la barabarani ili tu mbwa afike, labda awe na shaka yenye msingi.

Kiingereza kikikupotea sema hivo mapema, usiitikie "yes" usichokielewa, omba mkalimani wa Kiswahili. Ukifika nyumbani andika saa, mahali, namba ya gari la polisi na maswali yote aliyokuuliza, na kama unataka kulalamika omba video ya kamera ya askari wiki hiyohiyo, maana idara nyingi zinazifuta baada ya muda.