Barua kwa mwanangu: Kuhusu Oroonoko darasani

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika na mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama uiweke Oroonoko, ile riwaya ya Mwingereza Aphra Behn, kwenye kozi yako huko Uingereza, au uiache kwa sababu ya kurasa za mwisho, shujaa wake, Oroonoko mwenyewe, anapokatwa viungo hadharani. Mimi nawaza zaidi kama wanafunzi wako watapata nafasi ya kumhoji msimulizi.

Habari ya Kidato cha Tatu unaijua. Tulikuwa tunasoma Robinson Crusoe, riwaya ya Daniel Defoe, tumefika pale Crusoe anapomuuza Xury, kijana aliyetoroka naye utumwani Salé, kule Moroko, kwa nahodha Mreno kwa sarafu 60 za fedha. Kitabu kinasema Xury aliridhia. Binti mmoja akasimama: "Mwalimu, angekataa je?" Basi mpango wangu wa kipindi ukaishia hapo hapo. Wakafunua kurasa wenyewe, wakakuta Crusoe anamjutia Xury akiwa na shamba Brazil, anapokosa mikono ya kazi. Furaha ya siku ile ninayo mpaka leo. Mkaguzi aliyeketi nyuma aliandika kwamba nimetoka nje ya somo, na hilo nalo halijanitoka.

Kitabu kisomwe kizima; nimewaambia tangu mkiwa wadogo. Ukiwapa vipande, watampata Oroonoko, mwana mfalme wa Coramantien, Afrika Magharibi, anayesifiwa hata pua, eti ni ya Kirumi. Hawatamwona akimuuzia mateka nahodha yuleyule atakayemteka na kumpeleka utumwani Suriname. Wala hawatamwona msimulizi, anayempenda kiasi hicho, akikimbia kuteremka na mto habari za uasi wa watumwa zinapofika kule Suriname.

Lakini tena namfikiria mwanafunzi mweusi aliye peke yake darasani, macho yote yakimgeukia. Hakuja kutazamwa. Labda kurasa zile zisisomwe kwa sauti. Kila mmoja azisome kwake, kisha mjadili waliosimama wakitazama, maana msimulizi anasema mama yake na dada yake walikuwepo. Au ni kuwaonea huruma kupita kiasi? Kizima ni kizima.

Sikuamulii, darasa ni lako. Ila ukiiacha, niandikie umeweka nini mahali pake. Behn aliandika mwaka 1688, miaka 31 kabla ya Crusoe, akamfanya Mwafrika aliye utumwani kuwa shujaa wa hadithi ya Kiingereza. Mimi sijaona cha kujaza pengo hilo.

Baba yako