Shangazi Anajibu: "Mama anamwita mwanangu mwizi"

Shangazi, shikamoo. Ninaishi Tabata Segerea na nina duka dogo la vitenge Kariakoo. Mume wangu anaendesha lori la Tunduma, kwa hiyo siku nyingi nyumbani ni mimi, mama yangu wa miaka 76 niliyemchukua Korogwe baada ya baba kufariki, binti yangu wa kidato cha nne na mdogo wake wa kiume wa kidato cha pili. Mama ana sukari na presha, na analala chumba kimoja na binti.

Hela yake anaifunga kwenye pindo la kanga, kisha anaihamisha na kusahau alikoiweka. Hapo anasema mjukuu kaiba. Tumewahi kuikuta kwenye ndoo ya mchele, tumeikuta ndani ya foronya, lakini kesho yake anaanza upya. Usiku anaamka mara nyingi, anawasha taa, anauliza kama basi la Korogwe limeshaondoka. Wiki iliyopita alimwita binti mwizi mbele ya jirani, na binti akamjibu: "Bibi, rudi kwenu basi!" Nikamzaba kibao. Tangu siku hiyo hasemi na mimi, na mtihani wa taifa ni Novemba. Nifanye nini ili amheshimu bibi yake?
Mama wa wawili, Tabata

Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari ya heshima, lakini kilichonishtua mimi ni lile basi la Korogwe linalosubiriwa usiku wa manane. Mama yako anaumwa, na hilo neno "mwizi" linatoka kwenye ugonjwa huohuo.

Wodini, nilikofanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, wagonjwa wa namna hii waliletwa wakiwa wamechelewa sana. Nusu ya ukoo ilikuwa imeshaamua kwamba ni uzee tu, nusu nyingine kwamba kuna mkono wa mtu. Fikiria ilivyo kwa mgonjwa mwenyewe. Ameweka hela kwenye mchele, na kumbukumbu ya kuiweka imefutika kabisa. Anapapasa pindo, halina kitu. Kwa akili yake, maelezo yaliyobaki ni moja: kuna aliyechukua. Na atakayetajwa ni yule aliye karibu naye kuliko wote. Hutasikia akimtuhumu mjomba aliyeko Mwanza.

Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya hospitali. Nyie wa Tabata mna Amana, hospitali ya rufaa ya mkoa. Anzia hata kituo cha afya cha jirani upate rufaa. Mwambie daktari hali hii imeanza lini. Kama imekuja ghafla, ndani ya siku chache, usingoje wiki ijayo: kwa mzee, uambukizi wa njia ya mkojo, malaria, kupungukiwa maji au kuanguka na kugonga kichwa huweza kumchanganya akili. Kama imekuja polepole kwa miezi, bado kuna vya kupima. Dawa ya sukari iitwayo metformin ikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo hugusa kumbukumbu. Tezi ya shingo nayo ipimwe. Siahidi kwamba vipimo vitamrudisha mama alivyokuwa, ila yapo yanayotibika, na ni dhuluma kuyaacha.

Halafu vidonge. Hukuandika anavimeza saa ngapi, lakini naijua foleni ya Buguruni. Unafika nyumbani saa mbili usiku, ndipo unampa vyote kwa mkupuo, sivyo? Kama kimojawapo cha presha ni kile cha kukojosha, basi umeshajua kwa nini taa inawashwa usiku kucha. Na kama cha sukari ni glibenclamide, naye chakula cha jioni kakigusa tu, sukari huweza kushuka usiku. Atatoka jasho, atatetemeka, atasema maneno yasiyoeleweka. Usibadilishe dozi kwa kunisoma mimi. Beba pakiti zote kwenye mfuko, uulize kipi ni cha asubuhi na kipi cha jioni. Cha asubuhi utampa kwa uji kabla hujatoka.

Sasa binti. Msichana wa umri wake anahitaji usingizi wa muda wa saa nane hadi kumi kwa usiku, na miili yao hupenda kuchelewa kulala na kuchelewa kuamka. Wazee ni kinyume chake. Wewe umewaweka watu hao wawili chumba kimoja, mmoja akiwa na mtihani Novemba. Mhamishie mama chumbani kwako. Baba akirudi kutoka Tunduma mtajua pa kumlaza. Yeye anakuja na kuondoka, mtihani hauahirishwi.

Na hilo neno "rudi kwenu" lilikuwa baya, sikatai. Lakini binti wa kidato cha nne aliyeitwa mwizi mbele ya jirani anajua vizuri kuliko wewe neno hilo linakwenda wapi. Litavuka ukuta, litafika bombani, litafika shuleni. Hakuna aliyesimama kumtetea, na mama yake akamzaba kibao. Mwite mkae wawili tu, umwombe radhi kwa kile kibao, halafu umweleze ugonjwa wa bibi bila kumficha kitu. Baada ya hapo nenda kwa yule jirani, kwa miguu yako, umwambie: mama yangu ni mgonjwa wa kusahau, mwanangu hajaiba. Binti akijua umekwenda, kuzungumza kutarudi kwenyewe.

Mwana wa kiume umemtaja mara moja tu, kama vile mpangaji. Anafanya nini humo ndani? Wagonjwa wengi wa kusahau huzidi kuchanganyikiwa jua likizama, na hiyo ndiyo saa yake, akishatoka shule. Awashe taa mapema kabla giza halijaingia. Atembee na bibi mpaka dukani na kurudi, wachambue maharage pamoja, amwulize habari za Korogwe ya zamani, maana mambo ya kale hubaki kichwani muda mrefu kuliko ya jana. Utani wa bibi na mjukuu bado upo katika nyumba zetu. Bibi amwite "mume wangu" na amfokee kwa kutoleta matumizi, watacheka wote. Asiniambie hizo ni kazi za wasichana, mimi nimeosha wanaume wazima miaka mingi na sikumwona hata mmoja akiuliza jinsia ya anayemsaidia.

Hela ikipotea tena, msibishane naye wala msimletee ushahidi. Semeni, "Pole bibi, tuitafute wote." Mkiiona, msiitoe nyinyi, msogezeni mpaka mkono wake mwenyewe uikute, kwa sababu binti akiitoa yeye kwenye mchele, kwa bibi huo ndio uthibitisho kwamba ndiye aliyeificha. Pindoni abaki na noti ndogondogo, kubwa utunze wewe.

Kuna jambo hukuligusa kabisa: mchana anabaki na nani? Mtu anayesubiri basi usiku anaweza kutoka kulifuata mchana, au akawasha gesi akaenda kulala. Anahitajika mtu wa kushinda naye. Kama una ndugu, usiwaombe "chochote mtakachojaliwa", utaletewa sukari kilo mbili. Mpe kila mmoja kitu chenye bei: huyu mshahara wa msaidizi, yule vipimo. Na kama uwezo ni mdogo, Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wana haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Ulizia serikali ya mtaa wako namna ya kupata utambulisho, na uulizie kabla ya siku ya kwenda hospitali.

*

Shangazi, baba yangu ana miaka 81. Mjukuu wake wa miaka 16 ndiye anayemtolea pesa za simu. Mwezi huu nimeona elfu kumi kumi zimetoka mara tatu, na sioni kilichonunuliwa. Nimkabili vipi mtoto?
Baba, Kihonda, Morogoro

Kabla ya mtoto, muulize mwenye pesa. Mababu huwapa wajukuu hela kimyakimya, na hufurahia zaidi baba mtu asipojua. Akisema hakumpa, kaeni watatu mkiwa na taarifa ya miamala mkononi, na babu mwenyewe ndiye aulize. Kisha namba ya siri ibadilishwe, aibonyeze kwa kidole chake. Kama macho hayamsaidii, mtafutie simu ya vitufe vikubwa. Na akisema alimpa, huna kesi. Mwache mtoto aendelee kumsaidia babu yake.