Maswali yenu: mshipa wa damu, gesi ya sekunde chache na kazi ya maisha

Toleo lililopita niliandika kidogo tu kuhusu naitriki oksaidi, ile gesi ambayo mishipa yetu ya damu inaitengeneza yenyewe ili ilegee na kutanuka, na sikutegemea maswali yatakuja mengi hivi. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu limenigusa, mengine ntaenda haraka.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi niko mwaka wa tatu famasia, napenda sana mambo ya mishipa ya damu na nimesikia kuna profesa alipata Nobel kwa sababu tu fundi wake wa maabara alikosea. Hivi ni kweli? Na je mtu akiamua kufanya utafiti wa naitriki oksaidi maisha yake yote kuna kazi imebaki au wazee walishamaliza? Wenzangu wananiambia ntapoteza muda.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kukosea kulikuwepo kweli, ila hilo neno "tu" lifute. Profesa mwenyewe ni Robert Furchgott, alifundisha chuo cha tiba cha jimbo la New York pale Brooklyn, alizaliwa 1916 na alianzia kwenye kemia, PhD yake ya baiokemia aliipata 1940. Mwaka 1953 alichapisha kazi yake kuhusu tepe za aota ya sungura, yaani ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo unaukata unapata kipande kirefu kama utepe unakining'iniza unakipa dawa unaangalia kinabana au kinalegea. Akasema asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka ujumbe, inaubana. Sasa hapo pana kitendawili, maana ukimchoma mnyama mzima asetilikolini presha yake inashuka na mishipa inatanuka, kila mtu alijua hivyo. Kitendawili hicho kikakaa miaka 25, fikiria, robo karne, watu wanakipita tu.

Mwaka 1978 maabara ile ilikuwa inatumia pete za mshipa badala ya tepe, na fundi wake alitakiwa aweke noradrenalini ili pete ibane, aisafishe yote itoke, ndo aweke kabakoli, ambayo ni ndugu wa asetilikolini. Yeye akaweka kabakoli kabla hajaisafisha ile ya kwanza. Pete ikalegea. Furchgott hakumwambia arudie vizuri yaishe, alikaa na ile grafu akajiuliza kwa nini safari hii imelegea wakati yeye mwenyewe ameandika kwamba inabana, na jibu alilipata kwenye mikono, yaani jinsi wanavyoshika kile kipande. Wakati wa kukata utepe ule upande wa ndani ulikuwa unasuguliwa bila mtu kujua, na upande huo umefunikwa na endotheliamu, utando wa seli ambao unene wake ni seli moja tu. Ukiusugua umekwisha. Pete zilikuwa hazisuguliwi sana ndo maana zililegea.

Halafu ile wanayoiita sandwichi, hapa ndo mimi huwa nasimama kila nikifundisha. Wakachukua kipande kilichokwanguliwa, ambacho peke yake hakilegei hata ukikibembeleza, wakakilaza uso kwa uso na kingine ambacho utando wake uko salama, wakaweka asetilikolini, na kile kilichokwanguliwa kikalegea! Maana yake kuna kitu kinatoka kwenye utando kinavuka kwenda kwenye misuli. Yeye na mwenzake wa maabara John Zawadzki wakachapisha kwenye jarida la Nature mwaka 1980. Alikuwa na miaka 64. Kwa hiyo alichofanya ni kurudi hadharani kueleza kwa nini majibu yake mwenyewe ya zamani yalitoka vile, na kwangu mimi hiyo ni kubwa kuliko bahati yoyote ya fundi kukosea, maana wangapi wangeitupa ile grafu kwenye pipa.

Nakuambia hivi kwa sababu na mimi yalinikuta. Nikiwa mwanafunzi pete zangu wiki tatu nzima ziligoma kulegea. Unakata pete yenye upana wa milimita 3 hivi, unapitisha vijiwaya viwili ndani yake, unaining'iniza kwenye kichupa cha kioo chenye maji ya chumvi na glukosi nyuzi 37 huku oksijeni inachemka povu taratibu, unaiacha ipumzike saa nzima na zaidi, unaibana kwa dawa, unaweka asetilikolini, unasubiri mstari ushuke kwenye skrini. Wangu haukushuka. Nikabadilisha dawa, nikapima upya maji, nikalaumu mashine. Siku moja mwalimu wangu akasimama nyuma yangu kimya akaangalia tu, akaniambia "unaikwangua". Nilikuwa napitisha waya kama mtu anatunga shanga, unagusa ukuta kila sehemu. Kesho yake nilipitisha polepole nimezuia pumzi, na mstari ukashuka. Mpaka leo nikiona unashuka hivyo moyo wangu unafurahi.

Kuhusu kazi iliyobaki, mwanangu ipo tele. Mtu mwenye kisukari, mvutaji sigara, mwenye presha ya muda mrefu, endotheliamu yake inachoka na inatoa gesi kidogo, na kile kimeng'enya kinachotakiwa kutengeneza naitriki oksaidi kinaweza kugeuka kikaanza kutengeneza supaoksaidi ambayo inaiharibu gesi yenyewe. Kwamba kinageuka tunajua, kukirudisha kwenye mstari kwa dawa ambayo mgonjwa anaweza kumeza kila siku ndo mtihani. Kuna kifafa cha mimba pia, mishipa ya mama inabana wakati ingetakiwa itanuke. Kuna nitrogliserini, dawa ya zamani kabisa ya maumivu ya kifua ya moyo, ambayo mwili unaizoea ukiitumia mfululizo bila kupumzika. Na usidhani kila wazo zuri linafika salama: kwenye mshtuko unaotokana na maambukizi makali, gesi hii inatoka nyingi kupita kiasi presha inaanguka, watafiti wakaona basi tuizuie, presha kweli ikapanda lakini wagonjwa waliopewa dawa walikufa zaidi na jaribio likasimamishwa. Kwa hiyo soma famakolojia, usiikimbie kemia, jifunze takwimu mapema, fuata taratibu za kibali cha kutumia wanyama bila kukata kona, na tafuta mwalimu ambaye atasimama nyuma yako aangalie mikono yako.

SWALI: Daktari, kwa nini walipewa zawadi watatu? Nimesoma mahali kwamba kuna wa nne alionewa.

JIBU: Kaka, Nobel ya tiba ya 1998 walipewa Furchgott, Ferid Murad na Louis Ignarro, wote wa Marekani. Murad mwaka 1977, kabla hata ya hiyo kabakoli, alionyesha kwamba nitrogliserini na dawa za jamii yake zinatoa naitriki oksaidi, na gesi hiyo inaamsha kimeng'enya kwenye misuli kinachotengeneza cGMP, ambayo ndo inaiambia misuli ilegee. Kwa hiyo mmoja alijua gesi inalegeza ila hakujua kama mwili unaitengeneza, mwingine alijua mwili unatengeneza kitu ila hakujua ni nini, na nani angefikiria, maana gesi hiyo watu waliijua kwenye moshi wa magari na wa sigara. Mwaka 1986, kwenye mkutano uliofanyika Rochester, Minnesota, Furchgott na Ignarro kila mmoja kwa njia yake wakasema kitu chenyewe ni naitriki oksaidi.

Huyo wa nne ni Salvador Moncada, mtu wa Honduras, alikuwa kwenye maabara za Wellcome huko Beckenham, Uingereza. Mwaka 1987 timu yake ilipima gesi inayotoka kwenye seli za endotheliamu na kuonyesha kwamba inatosha kabisa kueleza ule ulegeaji, na mwaka uliofuata wakaonyesha inatengenezwa kutoka kwenye asidi amino iitwayo ajinini. Sheria ya Nobel hairuhusu zaidi ya watu watatu kwa zawadi moja. Mimi naona kazi ya Moncada ilistahili, na wanasayansi wengi walilalamika wazi wakati ule. Ukisoma habari hii bila jina lake umesoma nusu.

SWALI: Hii si ndo ile gesi ya kuchekesha ya madaktari wa meno?

JIBU: Hapana dada. Ile ya meno ni naitrasi oksaidi, ina atomu mbili za naitrojeni na moja ya oksijeni. Hii ya mishipa ina moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni, na ndani ya mwili inaishi sekunde chache tu, himoglobini ya damu inaikamata haraka sana. Ndo maana ilichukua miaka kuijua, utakishikaje kitu ambacho kabla hujageuka kimeondoka.

SWALI: Shikamoo daktari, baba yangu ana maumivu ya kifua ya moyo, amepewa vidonge vya nitrogliserini vya chini ya ulimi. Sasa ameletewa na rafiki yake chupa ya ajinini, eti inaongeza naitriki oksaidi, atumie vyote?

JIBU: Marahaba. Hapa naomba unisome vizuri. Kwenye karatasi wazo linaeleweka, ajinini ndo malighafi ya gesi. Lakini mwaka 2006 kwenye jarida la JAMA zilichapishwa taarifa za jaribio la wagonjwa 153 waliotoka kwenye mshtuko wa moyo, nusu walipewa ajinini nusu vidonge visivyo na dawa ndani, mishipa ya waliopewa ajinini haikuwa bora kuliko ya wenzao, na 6 kati ya waliopewa ajinini walikufa wakati upande wa pili hakufa hata mmoja. Jaribio likafungwa kabla ya muda. Kwa hiyo asiianze, chupa apeleke kwa daktari wake akaione.

La pili ambalo hukuuliza ila lazima niseme: asichanganye kabisa hiyo nitrogliserini na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili. Nitrogliserini inaongeza cGMP, sildenafili inazuia isivunjwe, zikikutana presha inaweza kuporomoka mpaka mtu afe. Wazee wengi wanaona aibu kulisema hili kwa daktari, muulize wewe au mtafute mtu wa rika lake amuulize.

Na vile vidonge akivitumia awe amekaa, asisimame, vinaweza kumpa kizunguzungu aanguke. Maumivu yasipopungua dakika 5 baada ya kidonge cha kwanza, nendeni hospitali kwa dharura msingoje. Viacheni kwenye chupa yake ile ile ya kioo na kifuniko kikazwe, msivihamishie kwenye kikopo cha plastiki, dawa yenyewe inapotea hewani na kidonge kinabaki na sura ile ile.