Mwanangu, Kabla Hujamchangia Mbunifu Mkongwe

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini. Unaniuliza kama ni busara kutoa dola 60 kumchangia yule mbunifu wa michezo ya kompyuta ambaye kazi zake ulizicheza ukiwa mdogo, na ambaye sasa, baada ya kimya cha miaka mingi, anachangisha fedha mtandaoni ili atengeneze mchezo mpya wa aina ile ile ya zamani. Unasema jina lake peke yake ni dhamana ya kutosha, ila ungependa kusikia neno la mtu aliyezeekea kwenye vitabu vya hesabu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili limekwisha kuwa na historia, na historia hiyo ina majina makubwa kuliko la huyo wako.

Nianze na hilo la dhamana, kwa sababu ndipo ninapotofautiana nawe. Jina la mbunifu mkongwe linakueleza anapenda kutengeneza mchezo wa namna gani, na pengine linakueleza kwamba ana kipaji; halikuelezi hata kidogo kama anajua kuumaliza mchezo huo ndani ya fedha aliyonayo. Michezo uliyoipenda utotoni haikukamilishwa na yeye peke yake. Nyuma yake kulikuwa na kampuni iliyotoa mtaji, iliyotaka taarifa kila mwezi, na iliyokuwa na mamlaka ya kusema kwamba sehemu hii ikatwe, ile iachwe, na mchezo uwe madukani kabla ya Krismasi. Wabunifu walizichukia kampuni hizo, na mara nyingi walikuwa na haki ya kuzichukia, lakini kazi ya kusema "hapana" ilifanyika. Mchango wa umma unamwondolea mbunifu bwana huyo. Kwa hiyo, kabla hujatoa senti, tafuta ni nani katika timu yake aliyechukua kazi hiyo.

Mambo haya yalishika kasi mwezi wa Februari 2012. Tim Schafer, ambaye miaka ya tisini alikuwa kampuni ya LucasArts akitengeneza michezo ya hadithi na mafumbo, aliingia kwenye Kickstarter, jukwaa la mtandaoni la kuchangisha umma ambalo ndilo analotumia na huyo wako, na kuomba dola 400,000, yaani 300,000 za mchezo mdogo na 100,000 za filamu ya kuonyesha unavyotengenezwa. Kampuni kubwa zilikuwa zimeshaacha kugharimia michezo ya aina hiyo. Watu zaidi ya 87,000 wakamchangia dola milioni 3.3. Mchezo uliahidiwa kwa Oktoba mwaka huo huo. Julai 2013 Schafer aliwaandikia wachangiaji kwamba alikuwa amebuni mchezo mkubwa kuliko fedha zilizopo, na kwamba angeukata vipande viwili, auze cha kwanza ili kipatikane cha kumalizia cha pili. Nusu ya kwanza ya mchezo huo, ulioitwa Broken Age, ilitoka Januari 2014, na ya pili Aprili 2015.

Litazame jambo hilo vizuri, mwanangu. Hakuna aliyeiba. Mtu alipewa zaidi ya mara nane ya alichoomba, na bado fedha zikapungua, kwa sababu kila dola iliyoongezeka ilizaa wazo jipya, na hapakuwa na wa kulizuia. Ninamsifu kwa jambo moja: zile kamera ziliendelea kupiga picha hata siku mbaya, na wachangiaji waliona majedwali ya bajeti yakigeuka mekundu mbele ya macho yao. Ni wachache waliokubali kuaibika hadharani namna hiyo.

Wizi, kwa kweli, si hatari kuu katika biashara hii. Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyeichunguza miradi ya Kickstarter, alikuta kwamba takriban asilimia 9 ya miradi iliyofikia lengo haikuwapa wachangiaji walichoahidiwa, ilhali utafiti wake wa awali, wa mwaka 2014, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya miradi huchelewa. Ukichangia, basi, tegemea kupata kitu, ila usikitegemee kwa tarehe iliyoandikwa, wala usikitegemee kiwe kile kile kilichoelezwa.

Sasa wewe mchangiaji ni nani mbele ya sheria? Umeandika kwamba "unanunua mapema," na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kickstarter yenyewe ilitangaza mwaka 2012 kwamba si duka. Wala wewe si mwanahisa. Hali yako ni ya mtu aliyepewa kadi ya mchango wa harusi: umeweka ahadi, umelipa, unatarajia kualikwa na kula, lakini ukumbi ukibadilishwa au pilau likipungua si rahisi kwako kushitaki, na zawadi za maharusi hazikuhusu. Mwaka 2012 watu walichangia dola milioni 2.4 kwa ajili ya Oculus Rift, miwani ya kuchezea michezo. Miaka miwili baadaye Facebook ikakubali kuinunua kampuni hiyo kwa takriban dola bilioni 2, na wachangiaji wale hawakupata hata senti ya bei hiyo. Vivyo hivyo Microsoft ilipozinunua Obsidian na inXile, studio nyingine zilizochangiwa na umma, mwaka 2018, na Double Fine, kampuni ya Schafer, mwaka 2019, mchango wa Kickstarter haukumpa mtu haki ya kugawiwa bei hiyo.

Nikupe mfano ambao kwangu mimi unaonyesha wazi zaidi ninachosema juu ya bwana wa kusema hapana. Chris Roberts alijipatia jina mwaka 1990 kwa mchezo wa Wing Commander. Mwishoni mwa miaka ya tisini kampuni yake ilikuwa ikitengeneza Freelancer, mchezo wa safari za anga wenye ndoto kubwa mno. Kazi ikachelewa, Microsoft ikainunua kampuni, Roberts akaondoka, ndoto zikapunguzwa, na mchezo ukatoka mwaka 2003, mdogo kuliko ulivyotangazwa lakini kamili na wa kuchezeka. Mwaka 2012 Roberts alirudi kwa wananchi na mchezo mwingine wa anga, Star Citizen, akiahidi kuukamilisha Novemba 2014. Tangu hapo amekusanya zaidi ya dola milioni 700, na kinachochezwa hadi leo ni matoleo ya majaribio. Ni mbunifu yule yule na anga lile lile. Wapo wanaoyafurahia majaribio hayo kila siku, nami sina ugomvi nao, lakini mtu aliyetoa dola zake mwaka 2012 ili apate mchezo uliokwisha angali akisubiri.

Peter Molyneux naye, muundaji wa mchezo wa Populous wa mwaka 1989, alichangisha zaidi ya pauni 526,000 mwaka 2012 kwa ajili ya mchezo wa Godus. Toleo la kompyuta liliuzwa likiwa bichi, halikukamilika kamwe, na Desemba 2023 likaondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo. Jambo la maana ni lile alilolikiri mwenyewe baadaye: kwamba kanuni ya jukwaa, ya kupata lengo lote au kukosa yote, inamsukuma mtu aahidi kupita kiasi siku za mwisho za kampeni, kwa kuwa akipungukiwa hata kidogo hapati kitu. Kwa hiyo ahadi unazozisoma wiki ya mwisho zisome kwa jicho jingine kuliko zile za siku ya kwanza.

Hapo ndipo yanapoingia yale wanayoyaita malengo ya ziada: tukifika milioni mbili tutaongeza hiki, tukifika milioni tatu tutaongeza kile. Ninayaogopa kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa wa mradi. Keiji Inafune, mtu wa michezo ya Mega Man, aliomba dola 900,000 mwaka 2013 kwa ajili ya Mighty No. 9, akapata zaidi ya milioni 3.8, na njiani akaahidi mchezo huo uchezeke kwenye mashine za aina kumi. Uliahidiwa kwa Aprili 2015, ukatoka Juni 2016, wakosoaji wakauponda, na matoleo ya mashine mbili za mkononi, Vita na 3DS, hayakuonekana kamwe.

Usidhani nakukatisha tamaa tu. Obsidian walichangisha karibu dola milioni 4 mwaka 2012, na Machi 2015 wakatoa Pillars of Eternity, mchezo uliosifiwa sana; waliwahi kutengeneza michezo mingi ya jamii hiyo kwa bajeti za watu wengine, wakajua kukadiria. Koji Igarashi aliomba dola 500,000 mwaka 2015 kwa ajili ya Bloodstained, na akasema waziwazi kwamba asilimia 90 ya fedha ilikuwa imeshapatikana kwingine, ila mwenye fedha alitaka kwanza kuona kama wapo watakaoununua mchezo huo. Alipata dola milioni 5.5, mchezo ukachelewa hadi Juni 2019, ukapokewa vizuri. Ron Gilbert na Gary Winnick walipata dola 626,250 kwa ajili ya Thimbleweed Park, wakafanya kazi na timu ndogo, Gilbert akaianika bajeti hadharani, na mchezo ukatoka Machi 2017. Hawa watatu ndio ninaowapenda, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu kinachomfunga mikono: uzoefu wa bajeti za wengine, mwenye mtaji anayesubiri, au hesabu iliyo wazi.

Basi fungua ukurasa wa mbunifu wako, chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja. Umesema anaomba dola 500,000. Jukwaa linachukua asilimia 5, yaani 25,000. Gharama za kupokea malipo ni asilimia 3 hadi 5 nyingine, tuseme 20,000. Zile fulana, vitabu vya picha na masanduku ya kumbukumbu anayowaahidi watu lazima vitengenezwe na kutumwa kwa posta dunia nzima, nami nitakuwa mpole nikikadiria 50,000. Zimebaki 405,000. Studio za Marekani hukadiria kwa kawaida kiasi cha dola 10,000 kwa mfanyakazi mmoja kwa mwezi, ukijumlisha mshahara, bima, ofisi na vifaa. Umeniandikia kwamba timu ina watu kumi. Kila mwezi unakula 100,000, na mwezi wa tano sanduku ni tupu, wakati yeye anasema mchezo utachukua miaka miwili.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba anadanganya. Huenda ana mwekezaji, huenda ana akiba, huenda atauza sehemu ya mchezo katikati ya safari kama Schafer. Ila inamaanisha kwamba kuna fedha nyingine ambayo hajaitaja, na wewe una haki ya kuuliza inatoka wapi. Kila mradi wa Kickstarter una sehemu inayoeleza hatari na changamoto. Isome kwanza, kabla ya video yenye muziki mtamu. Akiandika humo kwamba "uzoefu wetu wa miaka thelathini utatuvusha," basi hajaandika kitu. Akiandika kwamba meneja fulani wa uzalishaji ndiye anayeshika ratiba, kwamba sehemu fulani zitakatwa kazi ikichelewa, na kwamba fedha ya mwaka wa pili inatoka mahali fulani, huyo amejiandaa.

Umeandika pia kwamba rafiki yako anakushauri usichangie kabisa, usubiri mchezo utoke, usome maoni ya waliouchezea, kisha uununue kwa bei ya punguzo. Kwa mfuko wako, ushauri huo ni sahihi. Hata mradi uliofanikiwa unaweza kukugeuka: David Braben aliukamilisha mchezo wake uliochangiwa, Elite: Dangerous, Desemba 2014, lakini mwezi mmoja kabla yake akatangaza kwamba hautachezeka bila intaneti, jambo lililokuwa limeahidiwa kwenye kampeni, na watu wakadai fedha zao. Anayesubiri hapatwi na hayo. Lakini rafiki yako asisahau kwamba wote wakisubiri kama yeye, hakutakuwa na mchezo wa kusubiri, kwa maana kampuni kubwa zilishakataa kuugharimia. Kwa hiyo kuchangia kuna maana yake, mradi mtu ajue kwamba anasaidia kazi izaliwe, na si kwamba ameweka oda.

Kwa upande wako, ningefanya hivi. Achana na ngazi ya dola 60, ambayo nusu yake ni fulana na sanduku, vitu vitakavyokutoza usafirishaji na huenda na ushuru bandarini. Chukua ngazi ya chini kabisa inayokupa mchezo wenyewe, ambayo umesema ni dola 20, na uitoe kwenye fedha ya starehe, si kwenye ile ya kodi ya nyumba. Kadi yako haitakatwa hadi kampeni ifungwe na lengo lifikiwe, kwa hiyo una nafasi ya kuweka ahadi leo na kuiondoa kabla ya siku ya mwisho ukiona malengo ya ziada yanaanza kuota kama uyoga. Kwanza kabisa, mwandikie swali lile la fedha ya mwaka wa pili. Akikujibu kwa tarakimu, mchangie. Akikujibu kwa historia ya maisha yake, subiri rafiki yako aununue kwanza.

Nitumie jibu lake likifika, nilipitie kabla kampeni haijafungwa.

Wasalaam,
Baba yako