Faili linasema bandari 9000, programu inang'ang'ania 8080

Ndugu, unauliza kwa nini programu yako ya Python inatumia bandari (port) 8080 wakati faili la mipangilio linasema 9000. Faili lako linasomwa vizuri. Tatizo ni `default=8080` uliyoiweka kwenye argparse, maktaba ya Python inayosoma chaguo zinazoandikwa kwenye mstari wa amri: mtumiaji asipoandika `--port`, argparse hujaza 8080 yenyewe, na msimbo wako haujui kama ni mtu aliyeiandika. Iondoe, kisha tumia SUPPRESS, ili chaguo ambalo mtumiaji hakuliandika lisiwekwe kabisa, na uunganishe kamusi (dict) tatu: `msingi` (thamani za kuanzia), `faili` (zilizosomwa kwenye faili) na zile za mstari wa amri:

`p = argparse.ArgumentParser(argument_default=argparse.SUPPRESS)`

`mipangilio = {**msingi, **faili, **vars(p.parse_args())}`

Kamusi ya mwisho ndiyo inayoshinda, kwa hiyo 8080 ikae ndani ya `msingi`. Configparser, maktaba inayosoma faili la mipangilio, hurudisha maandishi tu. Bandari isome kwa `getint()`.

Na hiyo `type=bool` kwenye `--debug` ni mtego mbaya zaidi: `bool("False")` hutoa True, maana maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli. Kuanzia Python 3.9 tumia `action=argparse.BooleanOptionalAction`, utapata na `--no-debug` ya kuzima kilichowashwa na faili.